Minara Inaposhirikiana Huku Kila Mmoja Ukijua Lake

Simu iliyo mpakani mwa minara miwili ina tabu kuliko iliyo karibu na mnara mmoja. Ishara ya mnara wake inaifikia ikiwa imefifia, na ishara ya mnara jirani, isiyokuwa yake, inaifikia ikiwa na nguvu karibu ileile. Zote ziko kwenye masafa yaleyale, kwa wakati uleule, na simu haina namna rahisi ya kuzitenganisha. Kasi ya data inaporomoka.

Dawa ya zamani ni kuitenga minara: huu upewe masafa haya, ule upewe mengine. Inafanya kazi, ila inakula masafa, na masafa hayazaliani. Dawa ya pili inakwenda kinyume kabisa. Minara isitengwe, iunganishwe. Kila mnara upewe data za simu zote mbili, kisha irushe kwa pamoja kana kwamba ni antena mbili za mtambo mmoja. Kila ishara izidishwe na uzito, yaani namba inayoamua nguvu na awamu ya wimbi (awamu ni mahali wimbi lilipofika katika kupanda na kushuka kwake), ili mawimbi yanayobeba data ya Simu 1 yaongezane yanapoifikia Simu 1 na yafutane yanapoifikia Simu 2. Data ya Simu 2 nayo ifanyiwe hivyohivyo kwa upande wake. Hapo simu mbili zinahudumiwa kwa mpigo mmoja, na hakuna inayosumbuliwa na ya mwenzake.

Msingi wa wazo hili ni imara. Mwaka 1983 Max Costa alionyesha kwamba mtumaji anayeujua mwingiliano kabla ya kutuma anaweza kupanga ujumbe wake juu ya mwingiliano huo bila kupoteza chochote. Mwaka 2003 Giuseppe Caire na Shlomo Shamai waliitumia hoja hiyo kwa mtambo wenye antena nyingi unaohudumia wapokeaji wengi, na mwaka 2006 Hanan Weingarten, Yossef Steinberg na Shamai wakathibitisha kwamba hakuna njia inayoweza kuipita. Ukizisoma kazi hizo unaweza kudhani tatizo la mpakani limekwisha.

Halijakwisha, kwa sababu hesabu zote hizo zinafanywa na ubongo mmoja unaoijua chaneli kikamilifu. Chaneli ni jinsi hewa, kuta na umbali vinavyolibadilisha wimbi kati ya antena na antena. Minara halisi imeachana kwa mamia ya mita au kwa kilomita. Kila mmoja una makadirio yake ya chaneli, na ubora wa makadirio hayo haulingani. Maelezo mengi ya mada hii yanaishia kusema kwamba taarifa si kamilifu. Nadhani yanakomea pale ambapo ugumu ndio kwanza unaanza. Kutokuijua chaneli vizuri ni tatizo moja. Kutoijua kwa namna tofauti, huku mkitakiwa kutenda kama mtu mmoja, ni tatizo jingine kabisa, na mara nyingi ndilo kubwa zaidi.

Sentimita moja na robo

Kwanza tuone kufutana kwa mawimbi kunadai usahihi kiasi gani. Kwenye masafa ya gigahezi 2, wimbi moja lina urefu wa sentimita 15. Mawimbi mawili yenye nguvu sawa yanafutana kabisa yakifika yakiwa yamepishana nusu wimbi, yaani nyuzi 180 za awamu. Awamu ikikosewa kwa nyuzi 1, kinachobaki ni takriban asilimia 0.03 ya nguvu ya wimbi moja. Ikikosewa kwa nyuzi 10, inabaki asilimia 3. Ikifika nyuzi 60, kilichobaki kina nguvu sawasawa na wimbi moja pekee: mnara wa pili umefanya kazi yote hiyo na haujafuta chochote. Kupita hapo, msaada wake unageuka madhara.

Nyuzi 60 ni moja ya sita ya wimbi, yaani sentimita 2.5. Lakini simu iliyo kwenye mstari kati ya minara miwili, ikisogea, inaukaribia mnara mmoja na kuuacha mwingine kwa wakati mmoja, kwa hiyo tofauti ya njia mbili inabadilika maradufu ya mwendo wake. Sentimita 1.25 zinatosha. Mtu anayetembea kwa mwendo wa mita 1.25 kwa sekunde anazimaliza kwa milisekunde 10. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linazimaliza kwa robo tatu ya milisekunde. Na hapo nimechukulia njia iliyonyooka. Mawimbi yanayorudishwa na majengo na ardhi yanaleta mabadiliko yao wenyewe.

Saa za minara nazo zina mchango wake. Kanuni za LTE, yaani mtandao wa 4G, zinaruhusu masafa ya kituo kikubwa yakosewe kwa sehemu 0.05 kwa milioni. Kinaonekana ni kiasi kidogo mno. Kwenye gigahezi 2 ni hezi 100, na hezi 100 ni nyuzi 36 za awamu kila milisekunde. Mnara mmoja ukikosea hivyo kwenda juu na mwingine kwenda chini, nyuzi 60 zinapitwa kabla milisekunde moja haijaisha. Ndiyo maana minara inayotaka kurusha kwa pamoja inahitaji saa zilizofungamanishwa kwa ukali kuliko ile inayofanya kazi kila mmoja peke yake.

Taarifa inafikaje kwenye mnara

Chaneli haionekani, inapimwa. Kwa njia moja, mnara unarusha ishara ya kipimo inayojulikana, simu inapima jinsi ilivyofika, inaifupisha kuwa biti chache, na kuzirudisha. Ufupisho wenyewe ni mkali: katika LTE, kituo chenye antena 2 kinaporusha mkondo mmoja wa data, simu inachagua kati ya chaguo 4 tu, yaani biti 2. Kwa antena 4 chaguo ni 16, yaani biti 4. Kwa njia nyingine, inayotumika pale ambapo kupanda na kushuka kwa data kunatumia masafa yaleyale kwa zamu, simu ndiyo inayorusha ishara ya kipimo na mnara unapima wenyewe, kwa kuwa hewa inalitendea wimbi vilevile liendapo na lirudipo.

Sasa weka minara miwili kwenye picha hiyo. Ripoti ya simu inaufikia mnara wa karibu ikiwa safi na mnara wa mbali ikiwa imeliwa na kelele za redio, yaani mawimbi ovyo yasiyobeba ujumbe, au isiufikie kabisa. Mnara unaopima wenyewe unazijua chaneli zake, lakini chaneli za mwenzake hauzijui mpaka uambiwe. Kuambiwa kunapita kwenye kiungo kati ya minara, ambacho kina ujazo wa kikomo na ucheleweshaji wa milisekunde kadhaa. Umeona hapo juu milisekunde kadhaa zinavyotosha kuiharibu awamu. Matokeo yake ni kwamba kila mnara una picha yake ya chaneli zote, lakini sehemu moja ya picha ni mpya na kali, nyingine ni ya zamani na ina ukungu, na mahali penye ukungu hapalingani kati ya minara hiyo miwili.

Kosa lisilodhuru mmoja linavyowadhuru wawili

Tuchukue namba rahisi. Chaneli kutoka Mnara A hadi Simu 2 ni 1, na kutoka Mnara B hadi Simu 2 ni 0.5. Minara inarusha data ya Simu 1, na inataka isifike kabisa kwa Simu 2. Kanuni ya kawaida ni hii: A utumie uzito ulio sawa na chaneli ya B, yaani 0.5, na B utumie chaneli ya A kwa alama ya kutoa, yaani −1. Kwa Simu 2 inafika 0.5 × 1 kujumlisha −1 × 0.5. Jibu ni sifuri. Safi.

Sasa tuseme makadirio yamezidishwa kwa asilimia 20: chaneli zinaonekana 1.2 na 0.6. Minara yote miwili ikiwa na kosa hilohilo, A unatumia 0.6 na B unatumia −1.2. Kwa Simu 2 inafika 0.6 × 1 kutoa 1.2 × 0.5. Bado ni sifuri! Kosa limejifuta lenyewe, kwa sababu kilichotakiwa ni uwiano wa chaneli mbili, na uwiano haukuguswa.

Lakini kosa hilo likiwa kwa A peke yake, huku B ukijua ukweli mtupu, A unatumia 0.6 na B unatumia −1. Kwa Simu 2 inafika 0.6 kutoa 0.5, yaani 0.1. Sasa pana uvujaji. Tazama vizuri kilichotokea: taarifa kwa ujumla imeboreka, kwa kuwa mnara mmoja umetoka kwenye makadirio mabaya na kuingia kwenye ukweli, na matokeo yameharibika. Sijui mfano mdogo kuliko huu unaoonyesha kwamba hapa ubora wa taarifa haupimwi kwa mnara mmoja mmoja. Unapimwa kwa pamoja.

Dawa iko ndani ya namba zilezile. Mwambie A, mwenye taarifa mbovu, asihesabu chochote. Atumie uzito uliokubaliwa mapema, tuseme 0.5, daima. B, anayeijua chaneli, anajua tayari A atafanya nini, kwa hiyo anachagua uzito unaofuta kile A anachopeleka: −1. Sifuri imerudi, na A hakuhitaji kujua lolote. A ametulia, B anarekebisha. Paul de Kerret na David Gesbert, wakiwa katika taasisi ya utafiti ya EURECOM nchini Ufaransa, waliichambua mbinu hii kwa kina katika kazi iliyochapishwa mwaka 2012. Walionyesha kwamba kanuni ya kawaida inaburutwa na makadirio mabaya kuliko yote, hata kama mnara mwingine una taarifa nzuri, na kwamba kumtuliza mwenye taarifa mbovu kunaondoa mzigo huo kwa minara miwili. Baadaye Antonio Bazco-Nogueras na wenzake walikwenda mbali zaidi: kwa minara miwili na simu mbili, ukipima jinsi kasi inavyokua nguvu ya kurusha ikiwa kubwa sana, taarifa nzuri ikiwa kwa mnara mmoja inatosha. Kuipeleka na kwa wa pili hakuongezi kitu kwenye kipimo hicho.

Bei yake ipo. Chaneli ya B kwenda Simu 2 ikishuka kutoka 0.5 hadi 0.05, B atalazimika kutumia uzito wa −10 ili kufuta 0.5 ya A, na hiyo ni nguvu mara 400 ya A. Hakuna mnara unaokubali hivyo. Kwa hiyo uzito wa A hauwezi kuwa wa kudumu milele. Unabadilishwa polepole, kwa taarifa za jumla kama umbali na wastani wa nguvu, ambazo hazichakai kwa milisekunde na ambazo minara yote miwili inaweza kuzijua sawasawa.

Kuongeza nguvu hakusaidii

Uvujaji wa 0.1 unaweza kuonekana mdogo. Bila kufuta, A peke yake, kwa uzito wake wa 0.6, angeipelekea Simu 2 ukubwa wa 0.6, kwa hiyo nguvu ya kero imepungua mara 36. Shida inaonekana pale unapoongeza nguvu ya kurusha ili kuishinda kelele. Kelele haiongezeki, lakini uvujaji unaongezeka sambamba na ishara. Nguvu ikizidishwa mara 100, uvujaji nao umezidishwa mara 100. Kuanzia hapo kinachozuia kasi ni uvujaji, na hauondoki kwa kurusha kwa nguvu zaidi.

Nihar Jindal aliiweka hali hii kwenye hesabu iliyo wazi mwaka 2006, kwa mtambo mmoja wenye antena M unaohudumia simu M zinazorudisha taarifa kwa biti. Ili faida ya kuhudumia wote kwa pamoja isipotee, biti za kila simu lazima ziongezeke kadiri nguvu inavyoongezeka: (M − 1) gawanya kwa 3, mara idadi ya desibeli, ambapo kila desibeli 10 ni nguvu kuzidishwa mara 10. Kwa antena 4, kila desibeli 10 zinadai biti 10 zaidi kutoka kwa kila simu. Biti zikibaki palepale, kasi inapanda, inalegea, kisha inalala. Na hiyo ni kwa mtambo mmoja usiohitaji kukubaliana na yeyote.

Ukali wa jambo hili ulithibitishwa mwaka 2016 na Arash Gholami Davoodi na Syed Jafar, waliotatua kisio lililowekwa na Amos Lapidoth, Shlomo Shamai na Michele Wigger mwaka 2005. Usahihi wa taarifa ukiwa na kikomo kisichobadilika, basi nguvu inapokua bila mwisho antena mbili zinazohudumia simu mbili hazina tofauti kubwa na antena moja inayozihudumia kwa zamu. Hayo ni matokeo ya nguvu isiyo na mwisho, na minara halisi haiishi huko. Hata hivyo yanatuambia mstari wa kasi utapinda kuelekea wapi.

Kila mmoja akimkisia mwenzake

Kwa nini basi kila mnara usitumie tu makadirio yake bora? Kwa sababu uamuzi sahihi wa A unategemea B atafanya nini, na B ataamua kwa kutumia taarifa ambayo A hana. Basi A akisie makadirio ya B. Lakini B naye anamkisia A, kwa hiyo A akisie kisio la B kuhusu A, na safari haina mwisho. Ni kama watu wawili wanaokutana kwenye njia nyembamba, kila mmoja anamheshimu mwenzake na kumpisha, na wanajikuta tena uso kwa uso kwa sababu wote wamehamia upande mmoja. Nia ni njema, lengo ni moja, na bado wanagongana.

Hili si shindano. Minara hii haina upinzani, inataka jumla ileile ya kasi. Tatizo la aina hiyo lilianza kuchambuliwa na wanauchumi kabla simu za mkononi hazijakuwapo. Jacob Marschak aliandika mwaka 1955 kuhusu timu, kundi lenye lengo moja lakini taarifa tofauti, na Roy Radner akaiendeleza nadharia hiyo mwaka 1962. Radner alionyesha kwamba hasara ikipimwa kwa mraba wa kosa na taarifa zikifuata mgawanyo wa Gauss, ule wenye umbo la kengele, kanuni bora ya kila mwanatimu ni ya mstari mnyoofu, yaani kuzidisha anachokiona kwa namba isiyobadilika, na inapatikana kwa hesabu. Ni habari njema ambayo kwa bahati mbaya haitufikii, kwa sababu kasi ya data haipimwi kwa mraba. Inafuata logi ya uwiano kati ya ishara na usumbufu, na hapo uhakika wa Radner unatoweka.

Hata pale ambapo kila kitu kinaonekana laini, mambo yanaweza kuwa magumu ajabu. Mwaka 1968 Hans Witsenhausen alitoa mfano wa waamuzi wawili tu, wenye kelele ya Gauss na gharama ya mraba, ambapo tendo la wa kwanza linabadilisha kile ambacho wa pili anakiona. Wengi wangetarajia kanuni ya mstari mnyoofu ishinde. Haikushinda. Mwaka 1986 Christos Papadimitriou na John Tsitsiklis walionyesha kwamba toleo la tatizo hilo kwa namba zilizokatwakatwa liko kwenye kundi la matatizo ambayo hayana njia ya haraka inayojulikana ya kuyatatua. Waamuzi wawili tu! Mhandisi wa minara anayekwama hapa hana sababu ya kujilaumu.

Kuna mahali ugumu huu unapungua, na ndipo ninapoona thamani kubwa zaidi kwa anayejenga mitandao. Ikiwa B anajua kila kitu anachokijua A, na zaidi, basi B hana haja ya kukisia. Anaihesabu kanuni ya A mwenyewe, anajua A atarusha nini hadi nukta ya mwisho, kisha anatumia ziada aliyonayo kurekebisha. Mnyororo wa kukisiana unakatika.

Kinachofurahisha ni kwamba hali hiyo inaweza kutengenezwa bila kuongeza biti hata moja. Tuseme katika ripoti ya chaneli ya simu, A anaweza kupata biti 4 na B biti 10. Njia ya kwanza: itume ripoti ya biti 4 kwa A na ripoti nyingine, iliyofupishwa kwa namna yake, ya biti 10 kwa B. B ana taarifa nzuri kuliko A, lakini hajui A aliambiwa nini. Njia ya pili: biti 4 za mwanzo ziwe picha ya jumla, zikingwe vizuri ili minara yote miwili izisome, na biti 6 zinazofuata ziwe nyongeza juu ya zile 4, zisomwe na mnara wa karibu tu. A bado ana biti 4 na B bado ana biti 10. Tofauti ni kwamba sasa zile 4 za A zimo ndani ya 10 za B. Kwa kushirikiana, njia ya pili ina nafuu kubwa, na simu haijatumia hata biti moja zaidi.

Pasipowezekana kuzipanga taarifa hivyo, minara inaweza kukubaliana kukata namba kwa ukubwa. A anakadiria 0.48, B anakadiria 0.52. Kila mmoja akikata hadi desimali moja, wote wanapata 0.5, na hawajapigiana simu. Wamepoteza usahihi kidogo na kupata maafikiano. Mbinu hii ina ufa wake: A akikadiria 0.54 na B 0.56, mmoja anapata 0.5 na mwingine 0.6, na tofauti ndogo imekuzwa. Ukikata kwa ukubwa zaidi, nafasi ya kuangukia kwenye mpaka inapungua lakini usahihi nao unapungua. Mahali pa kukata panategemea makadirio yenyewe ni mazuri kiasi gani.

Njia za kukwepa

Wapo wanaosema tatizo liondolewe kwa kuwa na ubongo mmoja: antena zibaki minarani, hesabu zote zifanyike kwenye kituo kimoja, na mkongo uunganishe. Ni suluhisho halisi na linatumika. Gharama yake iko kwenye mkongo. Chaneli ya LTE ya megahezi 20 inapimwa mara milioni 30.72 kwa sekunde. Kila kipimo kikibeba biti 30, antena moja tu inadai megabiti 921.6 kwa sekunde kabla ya kuongeza biti za udhibiti na ulinzi, ilhali mkondo mmoja wa data inayomfikia mtumiaji kwenye upana huo, katika LTE ya mwanzo, haukuzidi sana megabiti 75. Palipo na mkongo wa kutosha, sina ubishi. Pasipo na mkongo wa kutosha, tunarudi kwenye minara inayoamua yenyewe.

Wengine wanachagua uzito unaotegemea chaneli ya mnara wenyewe tu. Mwaka 2017 Hien Quoc Ngo na wenzake walipendekeza mtandao wa antena nyingi sana zilizotawanywa, bila mipaka ya minara, ambapo kila antena inaipima chaneli yake na kurusha ishara iliyogeuzwa awamu kulingana na kipimo hicho pekee. Hakuna anayehitaji kujua kitu cha mwenzake, kwa hiyo hakuna cha kutofautiana. Ila njia hiyo haifuti mwingiliano. Inategemea wingi wa antena kuufanya uonekane mdogo mbele ya ishara.

Njia ya tatu naipenda kwa sababu inakubali kwamba taarifa imechelewa. Mwaka 2012 Mohammad Ali Maddah-Ali na David Tse walionyesha kwamba hata taarifa ya chaneli iliyokwisha kupitwa na wakati kabisa bado ina manufaa. Zamu ya kwanza, antena mbili zirushe alama mbili, yaani vipande viwili vya data, za Simu 1. Kila simu inapata mlinganyo mmoja wa alama hizo. Zamu ya pili, zirushwe alama mbili za Simu 2. Sasa kila simu ina mlinganyo mmoja inaouhitaji na imeusikia mmoja usioihusu, ambao ndio hasa mwenzake anaukosa. Zamu ya tatu, irushwe jumla ya milinganyo hiyo miwili iliyosikiwa kando. Kila simu inatoa ule inaoujua na kubaki na ule inaoukosa. Alama 4 zimefika kwa zamu 3. Kwa minara iliyotengana, zamu mbili za mwanzo hazihitaji taarifa yoyote ya chaneli, na ya tatu inaweza kufanywa na mnara mmoja tu, ule ambao taarifa ya zamani imeufikia, mradi una data za simu zote mbili.

Mnara wa tatu

Mnara wa tatu na simu ya tatu vikiingia, mbinu ya kumtuliza mwenye taarifa mbovu inabana. Data ya kila simu inatakiwa ifutwe kwenye simu nyingine mbili, kwa hiyo kuna masharti mawili na uzito wa minara mitatu. Uzito mmoja tu ndio ulio huru kuwekwa mapema. Minara miwili iliyobaki inapaswa kutatua masharti hayo mawili pamoja, na ili majibu yao yalingane lazima iwe na makadirio yaleyale. Kwa minara K hali ni hiyohiyo: mmoja anatulia, na K − 1 wanatakiwa kukubaliana.

Kwa bahati nzuri simu haisikii minara yote. Inasikia miwili au mitatu iliyo jirani, na iliyobaki inazama kwenye kelele. Hivyo kundi la kukubaliana linaweza kuwa dogo na kubadilika simu hadi simu: data ya simu hii inashughulikiwa na minara hii miwili, ule wa mashariki ukiwa umetulia, data ya simu ile inashughulikiwa na miwili mingine, na huenda mnara uliotulia hapa ndio unaorekebisha kule. Kinachobaki kwa mpangaji ni kuamua, kwenye kiungo chembamba kati ya minara, biti zipi zitangulie. Kwa hesabu tulizoziona, biti za kwanza ziende kuhakikisha kwamba mnara unaorekebisha unajua mwenzake ameambiwa nini. Usahihi wa ziada ufuate baadaye, nafasi ikiwapo.